Ndege wa Maji Machafu na Aya ya Saba

Kwetu Kamina, mtu akirudi kutoka chuo kikuu na diploma, hakuna anayemuuliza amejifunza nini. Wanamuuliza ataketi wapi. Baba yangu, karani mstaafu na Mmetodisti wa kunyoosha suruali kila Jumamosi, aliketi nyuma ya meza moja ileile maisha yake yote ya kazi. Siku ya pili baada ya mimi kurudi kutoka Lubumbashi aliniuliza hilo hilo. Nikamjibu kwamba sikusomea kuketi, nimesomea usimamizi wa mazingira. Alifikiri kidogo.

"Mazingira iko na biro wapi?"

Nilicheka. Miezi minane baadaye nilikuwa bado natafuta jibu, na nilipolipata, biro yenyewe, yaani ofisi, ilikuwa ukingo wa bwawa la mavi.

Nyuma ya kambi ya zamani ya wafanyakazi, upande ambao upepo wa kiangazi hauvumi kuelekea mjini (waliochimba walilifikiria hilo, nawapa heshima yao), kuna mabwawa matatu. Maji yote ya vyoo na majiko ya kambi hushuka huko kwa bomba moja. Bwawa la kwanza ni zito na jeusi, hakuna anayelitazama mara mbili. La pili ni la kijani kama sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Kwenye la tatu maji yametulia kiasi kwamba mbuzi huyanywa, na wapo wanaodai kwamba mbuzi hao wana nyama tamu kuliko wengine. Sijawahi kukubali wala kukataa. Nimekula tu.

Mlinzi wa mabwawa alikuwa mume wa mama mukubwa, dada mkubwa wa marehemu mama yangu. Alipokufa, hakuna ofisi iliyokuja kudai ule mkono wa chuma wa kuzungushia milango ya maji, ambao sisi tunauita manivela. Mama mukubwa aliutundika kwenye msumari ndani ya nyumba ya mlinzi, hatua kumi na mbili kutoka bwawa la pili. Kesho yake asubuhi akautoa na kuendelea na kazi. Hakuna aliyemteua, kwa hiyo, nilivyofikiri, hakuna ambaye angeweza kumfukuza.

Kazi yake ilianza kwenye wavu wa chuma, mahali bomba linapomwaga. Kila asubuhi aliukwangua kwa reki ndefu: matambara, mifuko ya plastiki, viatu vya watoto, na siku moja meno ya bandia ambayo mpaka leo hakuna aliyejitokeza kuyadai. Kisha alifungua mlango huu, akafunga ule. Kiangazi kikifika alishusha maji ya bwawa la pili hadi matope yaonekane, yale ya pembeni yakauke, wakulima waje kuyachukua kwa baiskeli. Yeye mwenyewe alilima lengalenga na kabichi ukingoni. Mboga hizo ndizo zilizonikuza baada ya mama kufariki. Baba alizitaka zioshwe kwa chumvi mara mbili, kisha aliziombea kwa sauti ndefu kuliko kawaida.

Na kwa sababu ya matope yale, ndege walikuja.

Mama mukubwa aliwapa majina yake. Bata wa porini wenye uso mweupe, wanaopiga mluzi wakiruka kwa kundi, aliwaita Kwaya. Ndege mwembamba mwenye miguu mirefu myekundu, anayetembea majini kana kwamba anaogopa kuchafua suruali, alikuwa Mwalimu. Na kulikuwa na wale wadogo wa rangi ya udongo wanaotembea matopeni huku sehemu yao ya nyuma ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, bila kupumzika. Hao aliwaita Ndiyo-Shefu, kama watu wanaoinama mbele ya mkubwa wao. Nilipomwambia kwamba wadogo hao wanatoka Ulaya kila mwaka, mwezi wa nane au wa tisa, wanaruka usiku na mchana ili wale minyoo ya kambi yetu, alitikisa kichwa.

"Bila visa?"

"Bila visa, mama mukubwa."

"Bon. Basi kule Ulaya njo njaa iko mingi."

Mambo yangebaki hivyo kama treni isingechelewa. Kamina ni mahali reli zinapokutana, na abiria wanaokutana na reli huwa na muda mwingi. Msafiri mmoja mgeni alingoja treni siku nyingi, akamaliza kutembelea soko, akamaliza kutembelea makanisa, akafika kwenye mabwawa na darubini shingoni. Alikaa huko siku tatu. Treni ilipoondoka aliondoka nayo, lakini baadaye ikaja barua: kumbe mahali petu ni makazi muhimu ya ndege, na kama pangekuwa na mpango mzuri wa usimamizi, pangeweza kutambuliwa na jimbo.

Kabla hatujajua ndege ni wangapi, tulikuwa tumeshachagua kamati. Prezida, makamu wa prezida, karani, mtunza hazina ambaye hakuwa na hazina, na washauri wanne. Prezida alikuwa mtu wa kambi, mnene, mchangamfu, aliyetembea na muhuri wa kamati mfukoni kama wengine wanavyotembea na leso. Mimi nilipewa cheo cha mtaalamu. Alipenda kuniita "mamuzeli injenieri", binti injinia kwa Kifaransa chake. Nilimweleza mara mbili kwamba mimi si injinia. Mara ya tatu nikaacha, kwa sababu, niseme ukweli, jina lilikuwa limeanza kunizoea.

Niliandika mpango wa usimamizi kwa majuma mawili. Ulikuwa na aya kumi na nne, ramani, na jedwali la rangi. Mimi ninayeuliza maswali juu ya kila kitu, niliyewahi kumuuliza mchungaji Nuhu alifanya nini na mavi ya wanyama wote wale, sikuuliza swali hata moja juu ya mwongozo niliounakili. Ulikuwa umeandikwa kwa ajili ya nchi ambako watu hupanda gari kwenda kutazama ndege, kisha wakapanda gari kurudi nyumbani. Aya ya saba ilisema: kuondoa shughuli zote za binadamu na makazi yote ndani ya mita hamsini kutoka ukingo wa maji.

Nilipoandika "binadamu" sikumwona mtu yeyote. Hiyo ndiyo faida ya neno hilo.

Prezida aliupeleka mpango jimboni bila kuusoma, baada ya kupiga muhuri kila ukurasa, hata ramani, hata jalada. Jibu likaja upesi kuliko tulivyozoea: mjumbe wa jimbo atakuja Alhamisi ijayo kuona mahali na ndege. Akiridhika, atasaini.

Sasa, Kamina mgeni hakuti majani. Ua wa mtu mwenye adabu ni udongo mtupu uliofagiwa, wenye alama za ufagio kama kitambaa kilichofumwa. Majani ni uvivu, majani ni nyoka, majani ni kusema kwamba hapa hakuna wazazi. Kwa hiyo kamati iliitisha salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi asubuhi, na kwa mara ya kwanza tangu niijue salongo, watu wote walifika.

Walikuja na mapanga, majembe na mafagio. Akina mama wa kanisa walivaa vitenge vya sare. Walikata matete yote kuzunguka bwawa la tatu, ambamo Kwaya hulala. Walivuta majani yanayoelea juu ya maji, ambako ndege wadogo huficha mayai. Walisawazisha vilima vidogo vya udongo katikati ya bwawa la pili, vile ambavyo katika mpango wangu viliitwa "visiwa vya kupumzikia", aya ya tisa. Na pale matope yalipoonekana, ninaapa, waliyafagia.

Nilikimbia kutoka kundi moja hadi jingine.

"Mama, acheni matete! Ndege wanakaa humo!"

"Mutoto yangu," alinijibu mama mmoja bila kuinua mgongo, "ndege banakaa juu ya miti. Hii iko majani."

Nikamwendea baba, aliyekuwa akisimamia upakaji wa chokaa kwenye mawe. Walikuwa wameyapanga mstari mnyoofu kutoka barabarani hadi bwawa la kwanza, ili mjumbe asipotee njia ya kwenda kwenye mavi.

"Baba, waambie watu waache. Wewe watakusikiliza."

"Mugeni anakuya, unataka akute majani?"

"Ndiyo! Anakuja kuona ndege wa kwenye majani!"

Baba alinitazama kama anayetazama hesabu isiyokubali. "Ataona ndege. Na ataona kama tuko na adabu. Ile ya kwanza inapita, ile ya pili inabaki."

Saa sita mchana mabwawa yaling'aa. Kulikuwa na tao la makuti lenye riboni, maua kwenye makopo ya maziwa, na mawe meupe kama meno mapya. Matete yaliyokatwa hayakuonekana popote. Nilidhani wameyachoma. Ndege hawakuonekana popote pia, isipokuwa kunguru mmoja mwenye kola nyeupe, aliyesimama juu ya tao kama anayengoja kusoma hotuba.

Mama mukubwa alikuwa amekaa mlangoni kwake tangu asubuhi, mikono juu ya magoti. Alinisalimu tu.

Prezida hakuona tatizo. "Ndege batarudi, mamuzeli injenieri. Na kama habarudi, tutanunua."

Nilidhani anatania. Jioni ileile mshauri mmoja alirudi kutoka sokoni na bata wanne wa kufugwa, miguu imefungwa, ndani ya kikapu.

Nilijua kwamba kulikuwa na njia moja tu iliyobaki. Matete yanahitaji miezi ili yarudi, lakini matope yanahitaji siku mbili. Maji ya bwawa la pili yakishuka vizuri, polepole, minyoo itabaki juu, na Ndiyo-Shefu watakuja, maana hao hawana haja ya matete. Na mtu mmoja tu Kamina nzima alijua kuyashusha polepole. Jumapili baada ya ibada nikaenda kwake na baba, ambaye huenda kumsalimu shemeji yake kila Jumapili na kurudi na kabichi.

Mama mukubwa alinisikiliza hadi mwisho.

"Nitashusha. Lakini kwanza unisomee ile karatasi. Bantu bote banasema iko karatasi ya mabwawa yangu, na minyi sijaisikia."

Nikaitoa. Niliisoma nikiitafsiri kutoka Kifaransa, nikisimama aya kwa aya. Baba aliketi kwenye kiti cha mbao, macho yamefumbwa kama wakati wa hubiri refu. Mama mukubwa alikubali kwa koo kila aya. Nilipofika kwenye ya sita sauti yangu ilikuwa nzuri kabisa. Nikavuta pumzi, nikaenda kwenye ya nane.

"Ya saba iko wapi?" aliuliza baba bila kufumbua macho.

"Ni ya kiufundi, baba."

"Minyi nilifanya kazi ya karatasi tangu haujazaliwa. Sita, saba, munane. Soma saba."

Niliisoma. Nje, bata wanne wa soko walikuwa wakilalamika ndani ya kikapu chao.

"Shughuli za binadamu," alisema mama mukubwa. "Iko nini?"

"Ni mambo yenye bantu banafanya. Kutega ndege. Kuchoma majani."

"Kulima?"

"Na kulima."

"Kulala?"

Niligeuza karatasi. Yeye alivuta kitenge chake juu ya magoti.

"Mama," aliniambia. Kwetu mtu mzima humwita msichana hivyo anapotaka kumbembeleza au kumwonya, na sikuweza kujua hii ilikuwa ipi. "Nani alikuambia uandike ile?"

"Ilikuwa katika kitabu."

"Kitabu kilikuya hapa? Kiliona hii nyumba?"

"Hapana. Lakini haikusema juu yako, mama mukubwa. Inasema juu ya bantu, tu hivi, kwa jumla."

"Ah. Na minyi niko nini? Niko Kwaya?"

Baba alifumbua macho, akayafumba tena.

Mama mukubwa hakugomba. Ningependa angegomba. Alisimama, akakunja godoro, akaweka sufuria mbili ndani ya beseni, akachukua jembe lake. Kisha akatoa manivela kwenye msumari na kuniwekea mikononi. Ilikuwa nzito kuliko nilivyokumbuka.

"Karatasi yako imesema. Minyi sitaki kuharibu masomo yako."

Baba alisukuma baiskeli yenye godoro hadi nyumbani kwetu. Alisahau kabichi.

Jumatatu nilikwenda bwawani peke yangu, na manivela, na daftari. Nilijiambia kwamba ni mlango wa chuma tu, na mimi nina diploma. Nilizungusha. Mlango uligoma, kisha ukalia, kisha ukafunguka, na maji yakaanza kushuka kwa sauti nzuri. Niliandika: saa tatu na dakika kumi, kiwango kinapungua. Nilifurahi sana na sentensi ile. Baada ya saa moja maji yalisimama. Nikazungusha zaidi. Yakasimama zaidi. Nikafungua mlango mwingine, wa bwawa la kwanza, ili uusaidie ule. Kuhusu wavu wa bomba, aya zangu kumi na nne hazikuutaja hata mara moja, kwa hiyo nami sikuutaja. Nilifunga daftari, nikarudi nyumbani.

Jumanne asubuhi nilijifunza yalipokwenda matete. Watu wa salongo, ili mgeni asione takataka, walikuwa wameyatupa ndani ya bwawa la kwanza. Matete yalikuwa yameelea hadi kwenye mlango niliofungua mimi na kuuziba kama kizibo cha chupa. Bwawa likajaa hadi kwenye mdomo wa bomba, wavu nao ukashika kila kilichokuja kwa siku mbili. Maji, yakiwa hayana pa kwenda, yakarudi yalikotoka.

Nyumba ya prezida ndiyo ya chini kuliko zote kambini. Kwa hiyo heshima ya kwanza ilimfikia yeye.

Alifika kwetu kwa pikipiki ya moto-taksi, suruali imekunjwa hadi magotini, kiatu kimoja tu.

"Mamuzeli injenieri! Choo inarudi!"

"Inarudi namna gani?"

"Inarudi! Inapanda! Bibi yangu amesimama juu ya kiti, anaimba nyimbo za kanisa!"

Mama mukubwa alikuwa uani akimenya maharagwe. Aliendelea kumenya.

"Mama," prezida alimgeukia, "tafazali. Weye njo unajua ile mabwawa."

"Pole sana, prezida. Lakini minyi niko shughuli ya binadamu. Mita makumi tano, siwezi kukaribia. Uliza mutaalamu."

"Nani amesema vile?"

"Weye. Ulipiga muhuri."

Prezida alinitazama mimi. Mimi nilitazama maharagwe. Sijui kama kuna aibu nyingine inayofanana na hiyo: kuona kwamba kitu pekee ulichoandika bila kukifikiri ndicho pekee kilichotekelezwa.

"Munataka minyi nirudi," alisema mama mukubwa, "muandike. Nyumba yangu inabaki. Shamba langu inabaki. Ile saba inakufa. Muandike sasa, mbele ya maharagwe haijaisha."

Baba aliingia ndani, akatoka na karatasi yenye mistari na kalamu ya wino. Aliandika kwa mwandiko wake wa ukarani, herufi zote zimelala upande mmoja kama watu kwenye benchi. Aya ya saba imefutwa. Mwenye manivela anabaki katika nyumba yake na shamba lake. Prezida alisaini akiwa amesimama, akapiga muhuri kwenye goti lake, na miguu yake iliacha alama za maji juu ya ua uliofagiwa. Baba alizitazama alama hizo kwa uchungu mkubwa kuliko alivyoutazama mkasa wote.

Mama mukubwa aliifunga karatasi kwenye pindo la kitenge chake. Akamaliza maharagwe. Ndipo tukaenda.

Siku hiyo alinifanyisha kazi. Nilivuta matete kwa ndoano hadi mikono ikatoa malengelenge, nikakwangua wavu mara nne. Yeye alishika manivela. Alifungua, akarudisha nusu, akangoja. Akafungua tena, akarudisha nusu.

"Kwa nini unarudisha?"

"Ikifunguka yote mara moja inavuta matope, inajiziba yenyewe. Unasikia sauti? Iko nakohoa. Uache ikohoe."

Nilitoa daftari. Alinipokonya na kuliweka juu ya jiwe lenye chokaa.

"Sikia kwanza."

Kabla ya jioni, kambi nzima ilisikia vyoo vyao vikimeza. Jumatano bwawa la pili lilianza kuonyesha mgongo. Alhamisi asubuhi kulikuwa na ukanda wa matope, mweusi, unaong'aa, unaonuka kwa dhati, na juu yake Ndiyo-Shefu kumi na mmoja. Niliwahesabu mara tatu. Kwaya haikuja. Mwalimu hakuja. Lakini kumi na mmoja walikuwepo, wanainua na kushusha, wanainua na kushusha.

Mjumbe wa jimbo alifika saa tano, leso puani. Alipita chini ya tao. Alisifu mawe. Kwenye bwawa la tatu alisimama mbele ya bata wanne wa soko, waliofungwa kwa kamba kwenye kigingi, wakizunguka duara moja.

"Hawa ni aina gani?"

"Iko ya hapa hapa, Excellence," alisema prezida.

Nilimvuta mjumbe hadi bwawa la pili kabla ya kuulizwa zaidi. Alipoona wale wadogo matopeni aliondoa leso, akasahau kuirudisha. Nilimweleza wanakotoka. Alionekana kufurahi kweli kwamba kuna mtu anaacha Ulaya kuja Kamina. Kisha akafungua faili lake, na nikaona jalada letu lenye muhuri. Lilikuwa lilelile la kwanza. Hakuna aliyempelekea karatasi ya baba.

"Aya ya saba," alisoma. Akainua macho kuelekea nyumba ya mlinzi, ambako mama mukubwa alikuwa ameanika nguo. "Na hii nyumba bado iko?"

"Itatoka, Shefu," alisema prezida, ambaye choo chake kilikuwa kimepona. "Ndiyo. Juma lijalo itatoka." Alisema huku akiinama na kuinuka. Washauri wanne nyuma yake wakainama na kuinuka. Na nyuma yao, matopeni, wale kumi na mmoja.

Mama mukubwa alitia mkono kwenye pindo la kitenge, akashika fundo, lakini hakulifungua. Aliniangalia mimi.

Ninajua kubisha. Nimebishana na wachungaji, na maprofesa, na maaskari wa barabarani. Lakini siku zote nilibisha juu ya makosa ya wengine, na hiyo, niligundua hapo, ni kazi rahisi.

"Hapana," nilisema. "Haitatoka. Ile aya niliandika mimi, na sikuiandika, niliinakili. Iliandikwa kwa mahali pengine."

Mjumbe alinitazama. "Weye njo mutaalamu?"

"Ndiyo. Na mtaalamu hajui kushusha haya maji. Huyu mama ndiye anajua. Asipokaa hapa hakuna matope, na bila matope hakuna ndege hata mmoja. Alitoka siku mbili tu, kwa sababu ya karatasi yangu, na maji ya choo yakarudi kambini. Yakaingia ndani ya nyumba."

"Yalirudi?" Mjumbe alifunga faili kwa kidole katikati. Kati ya yote tuliyomwambia asubuhi ile, mabwawa, ndege, makazi muhimu, hili lilikuwa la kwanza kumgusa. "Yaliingia nyumba ya nani?"

Kamati nzima ilimtazama prezida. Prezida alitazama kiatu chake, ambacho kilikuwa kipya.

Mama mukubwa ndipo alipofungua fundo. Mjumbe aliisoma karatasi ya baba, akaugeuza muhuri kuelekea jua, akamtazama aliyeupiga, na akaanza kucheka hadi leso ikamfaa kwa kazi nyingine. Alitoa kalamu, akapiga mstari juu ya aya ya saba katika mpango, akaweka saini pembeni, akasaini na mwisho.

"Nakala safi itafuata," alisema.

Mimi ninajua "itafuata" ya kwetu. Mama mukubwa anaijua kuliko mimi.

"Minyi nataka hii hii," alisema. "Hii yenye musitari."

"Mama, karatasi ya faili haitoki katika faili."

"Na minyi pia sikutoka."

Alingoja mkono umenyooshwa. Mjumbe alitazama matope, akatazama barabara, akachomoa ukurasa.

Sasa ukurasa huo umetobolewa na msumari ndani ya nyumba ya mlinzi, na manivela imetundikwa juu yake. Nakala safi bado inafuata. Prezida ameandika ripoti inayosema kwamba salongo ndiyo iliyoleta ndege. Bata wawili walikata kamba na sasa ni wa bwawa. Wawili wengine sitasema. Mimi huenda huko kila asubuhi, na baba akiulizwa binti yake ameketi wapi, hujibu kwamba hajaketi, ila anakwangua.

Mvua zilipoanza, ndege mmoja wa kahawia, mwenye kichwa kama nyundo, alianza kujenga kwenye mti ulio karibu na bwawa la tatu. Hajawahi kuonekana ndege mwenye kazi kiasi kile. Alibeba mabaki ya matete ya salongo. Alibeba riboni za tao, vipande vya mifuko, karatasi, soksi. Nyumba ikawa kubwa kuliko beseni, yeye mwenyewe akiwa hana ukubwa wa kuku.

"Ule hajapata jina," nilimwambia mama mukubwa. Nilikuwa na daftari. Siku hizi ananiruhusu.

Alimtazama muda mrefu.

"Ule njo Mutaalamu."

"Kwa nini?"

"Kichwa kubwa. Nyumba kubwa. Na yote ameokota kwa bantu bengine."

Nilitaka kubisha. Nikafungua ukurasa wa majina, nikaandika. Alipoona nimeandika, akanionyesha reki kwa kidevu, maana wavu ulikuwa umeanza kujaa.